KAZI YA BANDANI NAYO IHESABIWE
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka 10)



Miaka 10 tumekopeshana fedha za kuku na nguruwe, tukaona kila mfugo una siku zake. Kuku wa nyama huuzwa baada ya wiki 5 au 6. Wa mayai hula karibu miezi 5 ndipo atage. Nguruwe hubeba mimba siku 114, bado kulea watoto. Ndiyo maana marejesho ya mkopo hayawezi kuwa ya namna moja.

Chakula ndicho kinachomeza fedha nyingi, hilo kila mtu analijua. Je, jasho letu? Tunaamka alfajiri, tunafagia banda, tunachanja mdondo kila miezi 3, na kwenye daftari la nyumbani haliandikwi hata senti. Tena kuku wakiwa watano ni wa mama, wakifika mia wanakuwa wa baba!

Akina baba mliopo, tunawaomba: tuandike pamoja kazi ya kila mtu. Binti anayetusaidia bandani alipwe ujira wake kwanza. Kinachobaki hapo ndiyo faida.

Na homa ya nguruwe haina dawa, basi tuweke akiba wakiwa wazima.