Jina la Kikundi Mtandaoni Likiisha Muda, Huenda Likapigwa Mnada

Hotuba kwa vikundi vya kijamii, shule za jamii na wafanyabiashara wadogo wa Kibera na Kawangware



Katika mitaa hii, kuanzia Laini Saba, Makina na Lindi hadi Gatina na Kabiro, vikundi vingi vina mali moja ambayo hakuna anayeikumbuka hadi ipotee. Mali hiyo ni jina la tovuti, ambalo wataalamu huliita domeni. Ni yale maneno yanayoishia na .co.ke, .or.ke, .com au .org, yaliyoandikwa kwenye bango la kikundi, kwenye kadi za mwenyekiti na kwenye barua za wafadhili.

Wakazi wa Kibera wanaijua vizuri tofauti kati ya kukaa mahali na kuwa na hati ya mahali hapo. Kwa jina la tovuti, hakuna anayepewa hati ya milele. Jina hulipiwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na muda ukiisha bila malipo, linarudi sokoni. Aliyelitumia miaka kumi hana haki kubwa kuliko mgeni aliyeliona leo asubuhi.

Wanaosimamia majina haya ni wengi, ila wanafahamika. Majina yanayoishia na .ke yako chini ya KeNIC, taasisi iliyo hapa Nairobi. Majina ya .com yanasimamiwa na kampuni ya Verisign ya Marekani, na ya .org na shirika la Public Interest Registry, yote kwa kanuni za ICANN, iliyoundwa mwaka 1998. Mwananchi hashughuliki nao moja kwa moja. Hununua kupitia wakala wa usajili, na wakala ndiye anayepokea pesa na kutuma ukumbusho.

Kwa jina la .com au .org, safari baada ya muda kuisha ina vituo vitatu. Kituo cha kwanza ni muhula wa neema, ambao unaweza kufika siku 45. Tovuti huzimika na baruapepe hukwama, lakini kwa kawaida mwenye jina bado anaweza kulipa ada ya kawaida. Kituo cha pili ni siku 30 za ukombozi. Hapa jina bado laweza kurudishwa, ila kwa faini inayozidi ada ya mwaka mara kadhaa. Kituo cha tatu ni siku 5 za kungoja kufutwa. Katika siku hizo hakuna awezaye kuligusa, hata aliyekuwa nalo. Baada ya hapo jina linaanguka, na wa kwanza kulidaka ndiye mwenyewe. Majina ya .ke yana kalenda yake, na ni vyema kumuuliza wakala kalenda hiyo siku ileile ya kusajili.

Vituo hivyo visimpe mtu usingizi. Mawakala wengi wakubwa hawangoji jina lianguke. Hulipeleka mnadani likiwa bado kwenye kituo cha kwanza, na mshindi hukabidhiwa mwenye jina asipolipa. Kwa hivyo kikundi kinachosema "bado tuna siku zaidi ya sabini" huenda kikakuta mlango umeshafungwa.

Jina likifika hadi mwisho bila kununuliwa, wanaingia wadakaji. Hizi ni kampuni kama DropCatch, SnapNames na NameJet, ambazo kazi yao ni kukamata majina sekunde yanapoachiliwa. Anayelitaka jina huacha agizo mapema, na kwa kawaida hatozwi chochote kama halikupatikana. Wakiwa wameagiza wengi, jina hupigwa mnada baina yao.

Mtu aliye nyumbani na kompyuta moja atawashindaje? Fikiria foleni kwenye kioski cha maji siku mfereji umekauka wiki nzima. Mama mmoja amekuja na mtungi mmoja, jirani yake ametuma watoto mia moja, kila mmoja na mtungi wake. Maji yakitoka, ni nani atakayekinga kwanza? Wakala mmoja aliyeidhinishwa ana nafasi chache za kutuma maombi kwa msajili mkuu. Kampuni za kudaka hujipatia leseni nyingi za uwakala, nyingine mamia, na zote hutuma maombi kwa wakati mmoja. Kusubiri usiku wa manane na kadi mkononi si mpango.

Swali linalofuata ni hili: ni nani atakayetaka jina la kikundi cha kina mama wanaosuka vikapu Kawangware? Wengi. Jina lililotumika miaka mingi lina viungo kutoka magazeti, vyuo vikuu na mashirika, na mitambo ya kutafuta habari hulipa uzito. Mnunuzi anaweza kuweka humo matangazo ya kamari, na wageni wakaendelea kuja wakidhani ni kikundi kilekile.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye baruapepe. Anayeshika jina anaweza kufungua upya kila anwani iliyokuwa chini yake: ya mweka hazina, ya katibu, ya mwalimu mkuu. Barua ya mfadhili inayouliza nambari ya akaunti itamfikia yeye. Akienda kwenye ukurasa wa kikundi wa mitandao ya kijamii na kubonyeza "nimesahau nenosiri", ujumbe wa kufungua utatumwa kwake. Ataingia bila kuvunja kufuli lolote, kwa kuwa kikundi chenyewe kimeacha ufunguo mlangoni. Ndipo pesa za karo, za chakula cha watoto au za mtaji wa chama zinapoweza kwenda njia isiyojulikana.

Wala hili si jambo la wasiosoma. Desemba 1999, Microsoft ilisahau kulipia jina la passport.com, lililotumika kuingia kwenye Hotmail. Watu wakafungiwa nje ya baruapepe zao wakati wa Krismasi, hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani, Michael Chaney, alipolipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe. Microsoft ilipata msamaria mwema, lakini kikundi cha Gatina kisijenge matumaini yake juu ya msamaria.

Kwa vijana wanaoona biashara katika minada hii: kununua jina lililoachwa si kosa kwa yenyewe, na majina ya maneno ya kawaida huuzwa na kununuliwa kila siku. Lakini biashara hii ina miiba. Bei ni za dola, na dau likishatolewa humfunga aliyelitoa. Mnada mara nyingi huongezwa muda kila dau jipya linapoingia dakika za mwisho, hivyo mbinu ya kuvizia haifui dafu. Mwaka 2009 SnapNames yenyewe ilitangaza kwamba mfanyakazi wake mmoja alikuwa akishiriki kisiri katika minada ya kampuni, na bei zikapanda kwa wateja. Anayeingia aweke kikomo chake kabla ya mnada kuanza, asikivuke. Pia aangalie historia ya jina kwenye hifadhi ya Wayback Machine, kwani jina lililotumiwa kwa utapeli hubaki limechafuka hata likibadilisha mwenyewe.

Na yuko mpaka wa sheria. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinasema kwamba anayechukua au kutumia kwa makusudi jina, jina la biashara, alama ya biashara au domeni ya mwingine bila haki ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kudaka jina la shule ya jamii ili kuiuzia shule hiyo kwa bei ya kuumiza ni kucheza na moto.

Hata hivyo, sheria ni njia ndefu. Anayedai jina la .com mbele ya WIPO, shirika la hakimiliki la Umoja wa Mataifa, lazima aonyeshe haki ya alama ya biashara, na ada ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Kulipia jina kila mwaka ni senti ukilinganisha na hizo.

Yapo mambo matano ambayo kila kikundi kinaweza kuyafanya wiki hii.

La kwanza, kujua jina limeandikishwa kwa nani. Tovuti nyingi mitaani zilitengenezwa na kijana wa saiba au mgeni wa kujitolea, naye akasajili kwa jina lake. Akihama, jina limehama naye. Mwenye jina awe kikundi chenyewe.

La pili, kubadilisha baruapepe ya mawasiliano. Kwa .com na .org, kanuni za ICANN zinamtaka wakala akumbushe mara mbili kabla ya muda kuisha, takriban mwezi mmoja na wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Ukumbusho huo huenda kwenye anwani iliyoandikishwa. Anwani hiyo isiwe chini ya jina lilelile, kwa sababu jina likizimika, nayo huzimika.

La tatu, kuweka tarehe ya mwisho kwenye daftari la kumbukumbu za mikutano, na kuisoma kwa sauti katika mkutano mkuu wa mwaka. Tarehe huonekana kwa kutafuta jina kwenye tovuti ya KeNIC kwa .ke, au lookup.icann.org kwa .com na .org. Huduma hizi ni za bure.

La nne, kulipa mapema. Jina la .com au .org laweza kulipiwa hadi miaka 10. Kikundi kikipata ruzuku, kiweke kando ada ya miaka mitatu au mitano kabla ya kununua viti na hema. Nenosiri la akaunti ya wakala lishikwe na maafisa wawili.

La tano, kikundi kikibadilisha jina, kisiliache la zamani mara moja. Kiendelee kulilipia hadi akaunti zote za benki, mitandao na wafadhili zihamishwe.

Na kwa mwananchi wa kawaida: tovuti inayodai kuwa ya Serikali ya Kaunti na haiishii na .go.ke itiliwe shaka kabla ya kulipa chochote. Majina ya .go.ke hupewa taasisi za serikali tu.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora mtaa wao kwenye ramani ya dunia kupitia Map Kibera, wakati ramani nyingi zilikuwa zimeuacha wazi. Jina la kikundi mtandaoni ni alama ya aina hiyohiyo: linauambia ulimwengu kwamba watu hawa wapo, na kazi yao ndiyo hii. Kabla ya mkutano ujao, kila katibu aulizwe swali moja: jina letu linaisha tarehe gani?