Kufungua Kitasa Pasipo Kukivunja

Mtu akipotewa na ufunguo, mara nyingi hukimbilia shoka. Leo twapenda kuwaeleza habari za fundi aliyetumia vidole na subira.

Mjini London, dukani kwa Bramah, kitasa kiliwekwa dirishani zaidi ya miaka 40 pamoja na tangazo: atakayekifungua pasipo ufunguo wake atapewa gini 200. Mwaka 1851 akaja Mmarekani, jina lake Alfred Charles Hobbs. Ndani ya kitasa mlikuwamo vipande 18 vya chuma, na kila kimoja sharti kisukumwe kwa kadiri yake, wala kisizidi. Hobbs alikikaza kitasa kidogo, kama atakaye kukizungusha. Kipande kilichobana kuliko vingine akakisukuma polepole hata kikafika mahali pake, kisha akakitafuta kinachobana baada ya hicho. Mafundi wa vitasa hata leo hufuata njia hiyo.

Kazi ilichukua saa 51, katika siku 16. Kitasa kikafunguka, na ufunguo wenyewe ulipojaribiwa ukafunga na kufungua kama kwanza. Wenye duka walinung'unika sana, lakini fedha wakalipa.