Madawati tunashukuru, lakini nani atalipia kesi?



Nimepewa mada ya asasi za kiraia na wafadhili: wanawezaje kuleta usawa kwa watu waliosahaulika? Mimi nasoma sheria, kwa hiyo nitajibu kwa kesi moja.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtaka mwanaume afikishe miaka 18 ndipo aoe. Msichana? Miaka 15 ilitosha, mzazi akiridhia. Sasa mfadhili anajenga bweni, analeta madawati, anagawa taulo za kike. Tunashukuru, tena sana. Lakini binti akishaozeshwa, dawati lile litamsaidia nini?

Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana na mwanzilishi wa asasi ya Msichana Initiative, akaenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17. Mwaka 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuhakikisha vifungu vinarekebishwa. Mwaka ukapita, kimya.

Ila mwaka huohuo wa 2020 Bunge lilipata muda wa kurekebisha sheria nyingine, ile ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Marekebisho hayo yalimtaka anayefungua kesi ya namna hiyo aeleze kwa kiapo yeye binafsi ameathirika vipi. Jamani, maana yake ilikuwa nini? Maana yake binti wa miaka 15 kule kijijini atafute mwenyewe wakili, nauli na ujasiri wa kuishtaki Serikali! Na Ibara ya 26(2) ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wafadhili, mkitenga fedha za madarasa, tengeni na za mawakili na wasaidizi wa kisheria vijijini, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua. Na sisi vijana, tukizunguka kwenye matawi tusidai maji na barabara tu. Tudai pia mlango wa mahakama uwe wazi, ili mwenye uwezo aruhusiwe kumsemea asiye nao.

Msaada unapunguza shida ya leo, na tunauhitaji. Lakini sheria mbovu inazalisha shida mpya kila siku, na hiyo haiondolewi kwa madawati.