Garimoshi Lililozeeka na Mashine Yetu
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Sifa za Chama zitasemwa na wengine. Mimi nitasema habari ya garimoshi, ambalo wakulima wa bonde la Kilombero wamelitegemea miaka mingi kwa safari zao na kwa mchele na ndizi zao.

Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwezi wa Julai 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Vichwa vyake vya kwanza vya dizeli vilitoka China. Lakini mpando wa Mlimba hadi Makambako ulivielemea, ndipo mwaka 1983 vikaletwa vingine vyenye nguvu zaidi. Chombo kilichokuwa kipya mwaka ule sasa kimepita miaka 40.

Mtambo wa dizeli haufi siku moja. Pistoni na ringi huliwa polepole, nao huponywa maadamu vipuri vipo ghalani. Vipuri vikikosekana, fundi hana budi kuvunja kichwa kimoja ili kingine kitembee. Vichache vinavyobaki hufanya kazi bila kupumzika, navyo huchakaa upesi zaidi. Abiria hungoja stesheni, mzigo hukimbilia barabarani, mapato hupungua, na fedha ya vipuri hukosekana tena. Hivyo reli iliyokusudiwa kuchukua tani milioni 2 kwa mwaka ilichukua chini ya tani 100,000 katika mwaka wa fedha 2014/2015.

Mipango ya kuifufua ilisemwa miaka mingi bila kutimia. Hati ya maelewano ilitiwa sahihi Beijing mwezi wa Septemba 2024, na Septemba 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30, wa dola za Marekani bilioni 1.4, na kampuni ya China itakayoiendesha reli. Twaomba kazi hiyo ifanikiwe. Lakini tujifunze: asiyeweka akiba ya kununua kipya, mwisho humwomba mwingine amnunulie, naye huja na masharti yake.

Ndugu zangu, mashine yetu ya kukobolea mpunga imetimiza miaka kumi pamoja na Chama. Nimefungua vitabu vyangu: tukiondoa akiba iliyoamriwa na sheria, ziada yote tumeigawana, wala haikuwekwa hata shilingi moja ya kununua mashine nyingine. Mimi nami nilinyosha mkono kukubali mgawo huo. Nilikosa.

Kwa hiyo naomba Mkutano Mkuu ukubali kwamba kwa kila gunia litakalokobolewa, shilingi 500 ziwekwe benki katika hesabu isiyoguswa ila kwa idhini ya Mkutano wenyewe. Najua gunia ni jasho, na mgawo utapungua. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu akitujalia kukutana tena katika mwaka wa ishirini, na tuikute mashine mpya ikinguruma, iliyonunuliwa kwa fedha zetu wenyewe.