Jerikani Isiyoingia Sokoni



Jumatatu ya tarehe 27 Januari 2025, mama zetu wa Rubavu, hapa Rwanda, hawakuvuka mpaka wa Petite Barrière na mabeseni yao kwenda Goma, Kongo. Vita vilikuwa vimeingia Goma, makombora yakaanguka hata upande wetu, watu wa Rubavu wakapoteza maisha. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuwa amelaza nyanya na kabichi sebuleni, mzigo wa kupeleka Birere, mtaa wa Goma, alfajiri. Mtaji wake wote ulikuwa pale sakafuni. Nyanya zikaanza kutoa maji. Akaziuza kwa bei ya kutupa, maana kila mama wa mtaa ule alikuwa na nyanya zilezile na hakuna aliyekuwa na mnunuzi. Haukupita muda akanigongea mlango, akaniomba unga wa kuwapikia watoto.

Jambo lile halijanitoka moyoni. Sebule imejaa mboga, na jikoni hamna cha kuweka chunguni. Tukisema uhaba wa chakula, wengi huwaza duka tupu. Kwetu Rubavu udongo wa volkano haujatunyima kitu: viazi vinatoka, karoti zinatoka, maharage yanatoka. Mpaka ukifungwa, kabichi inashuka bei hapa na kupanda Goma, na yule anayeishi kwa faida ya siku hana hata sarafu ya kununua hiyo kabichi ya bei rahisi. Ndipo anapokula mtaji. Na aliyekula mtaji, hata mpaka ukifunguliwa kesho, atavuka na nini?

Tena si mara moja. Machi 2020 korona ilifunga mpaka, na biashara ya kubeba kichwani ikasimama kwa miezi. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, ardhi ikatikisika siku kadhaa, nyumba zikapasuka, wengi wakauhama mji huu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulivunja kingo zake. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130, hasa Magharibi na Kaskazini mwa nchi. Na wazee wa Bugoyi, eneo letu hili, walirithishwa habari za Rumanura, njaa ya miaka ya 1916 hadi 1918, iliyokuja wakati majeshi ya Wajerumani na Wabelgiji yalipopigana katika ardhi hii hii. Kwa hiyo anayeishi hapa asingoje kuambiwa kwamba njia inaweza kufungwa.

Ninachowaomba leo ni kitu kimoja: chakula cha nyumbani kitengwe na mtaji, na kisiingie sokoni hata siku moja.

Nianze na maharage, maana ndiyo nguzo ya sahani zetu. Jerikani ya lita 20 huchukua kilo 15 hivi. Familia ya watu watano ikipika nusu kilo kwa siku, hiyo ni akiba ya mwezi mzima. Nunua wakati wa mavuno, Januari au mwishoni mwa Juni, bei inapokuwa chini. Ukingoja Novemba utalia. Yaanike juani mpaka uking'ata moja lipasuke kwa mlio, lisibonyee. Jerikani iwe imeoshwa na kukauka kabisa. Jaza mpaka shingoni, tikisa yashuke, jaza tena, kaza kifuniko. Usipoacha nafasi ya hewa, wadudu waliomo hukosa pumzi na kufa, bila dawa yoyote ya sumu. Kisha usifungue ovyo. Siku ya kupika, yaloweke usiku kucha. Maharage makavu yaliyokaa muda mrefu hula makaa, na makaa nayo yana bei.

Kwa nini jerikani, kwa nini si gunia? Kwa sababu Mei 2021 nilimwona baba mmoja amesimama mlangoni na gunia lake la mahindi, familia iko barabarani inamngoja, naye hawezi kulibeba wala hataki kuliacha. Jerikani ina mkono wa kushikia. Na iwekwe juu ya kichanja, si sakafuni, hasa ninyi mnaokaa karibu na Sebeya.

Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pia zinahifadhika. Kila mwaka Ziwa Kivu hufungwa miezi miwili ili samaki wazaane, kwa kawaida kuanzia Agosti, na bei hupaa. Wakati zinapopatikana kwa wingi, zioshe, zitie chumvi, zianike kwenye mkeka ulioinuliwa, kisha zitie kwenye chombo kinachofungika. Kiganja kimoja kinatosha kuunga chungu cha sombe, yale majani ya muhogo. Na mfuko wa udongo uliopandwa mchicha wa dodo na vitunguu majani haukosi mahali, hata kwa mpangaji wa chumba kimoja.

Najua kuna mama ananiuliza sasa hivi: mimi ninayepata cha leo nile leo, hiyo jerikani niijaze na nini? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni ikimina, kikundi cha kuweka akiba kwa zamu. Vikundi vyetu hugawana pesa, na pesa huisha kabla ya kufika nyumbani. Mzunguko mmoja kwa mwaka, ule wa mavuno, gaweni maharage. Watu kumi wakinunua pamoja kwa mkulima wa Kanama au Nyabihu, hawalipi faida ya madalali watatu. Na asiye na kikundi aanze na kopo moja kila siku ya soko, mpaka jerikani ijae, ndipo asiifungue tena ovyo.

Serikali ina sehemu yake, na hatuachi kuidai. Aprili 2023 iliondoa kodi ya TVA kwenye mchele na unga wa mahindi, ikaweka kikomo cha bei: unga faranga 800 kwa kilo, viazi vya Kinigi 460. Hatua nzuri. Lakini kikomo cha bei humsaidia mwenye faranga mkononi, na yule jirani yangu siku ile hakuwa nazo.

Mpaka ukifungwa, msikimbilie dukani kununua magunia matano. Mnampandishia bei asiye na hata ya kilo moja. Nunueni leo, wakati njia iko wazi na soko limetulia. Mama unayevuka kesho asubuhi, ukirudi jioni na faida yako, toa kwanza kopo moja la maharage, litie kwenye jerikani, ndipo uhesabu mtaji.