Maji Kwanza, Dawa Baadaye



Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, kikaua maelfu. Mwaka 1870 Seyyid Barghash, mwana wa Seyyid Said aliyetoka hapa Maskati, akashika utawala, na baadaye akavuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini. Sisi wauguzi tunajua maana yake: maji safi huokoa watu kabla ya dawa.

Hapa Maskati maji yetu mengi hutoka baharini, yakatolewa chumvi. Watoto wetu hufungua bomba tu. Nyumbani, bibi zao wengine wangali wanabeba ndoo. Basi Uhuru huu, kila nyumba itoe chochote, tununue tangi la kijiji. Haba na haba hujaza kibaba.