Maua ya Kitulo na Riziki ya Wenyeji

Mintarafu ya kukuza utalii katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, yafaa tuitazame Kitulo, uwanda ulioinuka kiasi cha mita 2,600, ambao watu waliuita Bustani ya Mungu, na ambao serikali iliufanya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya mimea yake.

Fahari ya mahali hapo huja pamoja na taabu yake: maua, zikiwamo okidi za rangi tele, huchanua baina ya Disemba na Aprili, wakati ule ule ambapo mvua huifanya barabara ipandayo kutoka Chimala, yenye kona zile mashuhuri 57, kuwa tope tupu. Barabara basi itangulie, hoteli zifuate.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Viazi vya okidi hizo huchimbwa kwa siri, vikavushwa hadi Zambia, vikasagwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga kuwa chikanda, chakula kipendwacho mno huko. Mchimbaji hana uadui na ua. Aghalabu anatafuta karo ya mwanawe. Ikiwa mgeni atapita garini na fedha yake ikabaki mijini, tutamkataza mtu huyu kwa insafu gani? Naamini kwa dhati kuwa kazi ya kuongoza wageni, kuwalaza na kuwapikia ni haki ya vijiji vinavyoizunguka hifadhi, nayo iandikwe katika mikataba kabla mwekezaji hajaweka jiwe la kwanza.